Dodoso na Jibu Lake: Uhakiki wa Uchunguzi wa Jamii kwa Maswali, kwa Mifano ya Musoma, Bunda na Butiama

Karatasi ya maswali aichukuayo mchunguzi wa jamii mkononi ina majina mawili katika lugha yetu, na yote mawili yafichua jambo ambalo wenye kuitumia hawapendi kulisema. Wengine huiita dodoso, na wengine hojaji. Kudodosa, kama ajuavyo kila mwenye Kiswahili, ni kumwuliza mtu kidogo kidogo na kwa werevu hata aliseme lile alilokuwa amelihifadhi moyoni. Kuhoji ni kuuliza kwa mamlaka, kama afanyavyo askari au hakimu. Neno la kwanza lamfanya mwulizaji kuwa mjanja, na la pili lamfanya kuwa mkubwa. Hatuna neno lililokubalika ambalo lingemfanya kuwa mgeni tu, aliyekuja kujifunza. Siwacheki waliobuni istilahi hizi. Yaonekana kwangu kuwa lugha imeipima kazi hii kwa haki kuliko vitabu vya kufundishia njia za utafiti.

Makala haya yakusudia kuihakiki njia hiyo kwa upande ambao wenzetu wa elimu ya jamii aghalabu huuacha, yaani upande wa lugha. Wao wenyewe hupima ukubwa wa sampuli na namna ya kuiteua, na katika hayo hawahitaji msaada wetu. Lakini kila tarakimu iliyomo katika majedwali yao ilikuwa sentensi kabla ya kuwa tarakimu. Mtu mmoja alimwambia mwenziwe neno, naye mwenziwe akatia alama katika kisanduku. Sentensi hiyo ndiyo mali yetu sisi wanafunzi wa lugha, na yafaa tuulize ilikuwaje.

Historia ya njia yenyewe haihitaji maneno mengi. Charles Booth aliipima hali ya watu wa London kuanzia mwaka 1886, W. E. B. Du Bois aliwaendea Wamarekani Weusi wa Philadelphia nyumba kwa nyumba, akatoa kitabu chake mwaka 1899. Afrika Mashariki ilipata chuo chake cha uchunguzi wa jamii huko Makerere mwaka 1948. Kwa Tanganyika kitabu kikumbukwacho ni kile cha J. A. K. Leslie juu ya Dar es Salaam, kilichotolewa mwaka 1963 kutokana na kazi iliyofanywa mwaka 1956 na 1957. Aliyekisoma kitabu hicho atakubali kuwa majedwali yake yamezeeka, lakini kurasa ambamo mwandishi aeleza kwa maneno namna watu walivyoishi mitaani zingali na uhai. Nimewahi kujiuliza kwa nini, na jibu nililolipata ni kwamba katika kurasa hizo Leslie alikuwa amesikiliza, na katika majedwali alikuwa amehesabu tu.

Sasa twende Mara. Mkoa huu, ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikutwa na watu zaidi ya 2,370,000, ni mahali pagumu kwa mwenye kupenda visanduku. Kandokando ya ziwa, kutoka Musoma kwenda Majita na hata pwani za Bunda, husemwa Kijita, Kikwaya na Kiruri, lugha zinazokaribiana sana. Bara kidogo, Butiama, ni kwa Wazanaki. Bunda kuna Waikizu na Wasizaki. Na kote humo wamo Wajaluo, Wakurya, Wasukuma na wengine. Musoma mjini wote hukutana, nao hukutana kwa Kiswahili.

Mtafiti atakaye kujua ni watu wangapi wasemao Kizanaki hawezi kuitazama hesabu ya serikali. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila la mtu. Tangu hapo, katika sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, swali hilo halikuulizwa. Sababu zake zajulikana, na mimi si miongoni mwa wazilaumuo. Taifa lililojengwa kwa kukataa kugawanyika lina haki ya kutowapanga watu wake kwa makabila. Ila gharama yake imewaangukia wataalamu wa lugha. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao wasomaji wa jarida hili wanaufahamu kwa kazi za Muzale na Rugemalira, ulipotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009 ulikuwa umelazimika kutegemea makisio yaliyokusanywa kwa watu wa mahali. Atlasi ni kazi ya heshima, na kabla yake tulikuwa gizani. Lakini makisio ni maoni ya mtu juu ya jirani zake. Kiongozi wa kata akiulizwa ni wangapi katika eneo lake wasemao Kijita, hatawapima kwa masikio. Atawahesabu kwa majina ya baba zao. Kwa hiyo alichokiandika mtafiti kuwa ni hesabu ya wasemaji chaweza kuwa ni hesabu ya koo, yaani lile lile swali la kabila ambalo sensa ililitoa mlangoni likaingia dirishani.

Njia ya pili ni kumwuliza msemaji mwenyewe. Ndiyo njia iliyotumiwa katika uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao kwa Tanzania ulizaa kitabu kilichohaririwa na Polomé na Hill, kikatoka mwaka 1980. Watu waliulizwa watumia lugha gani, kwa nani, na wapi. Swali la namna hiyo laonekana rahisi kama maji. Tulijaribu kwa kuwazia nyumba moja ya Bunda mjini. Baba ni Mjita, mama ni Mwikizu, bibi mzaa baba akaa nao, watoto wanasoma shule ya msingi. Kijana wa chuo aingia na karatasi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." "Mama, hapa nyumbani mnatumia lugha gani?" Mama atajibu nini? Asubuhi amemwamkia mama mkwe wake kwa Kijita, kwa kuwa heshima yataka hivyo. Amewakaripia watoto kwa Kiswahili. Dada yake alipopita walicheka kwa Kiikizu. Na sasa hivi anasema na mgeni kwa Kiswahili safi, tena mgeni aliyevaa shati la kazi na kitambulisho shingoni. Kisanduku ni kimoja. Basi atasema, "Kiswahili." Wala hakusema uongo. Amelijibu swali alilolisikia, nalo ni hili: wewe ni mtu wa namna gani mbele yangu?

Mfano huo ni wa kuwaza, lakini kila aliyewahi kuibeba karatasi ya maswali ameuona kwa macho, na mimi ni mmoja wao. Jambo ninalotaka kulisisitiza ni kwamba lugha ya kuulizia ni sehemu ya jibu. Swali juu ya lugha likiulizwa kwa Kiswahili limekwisha kumwelekeza mjibu. Wenye elimu ya takwimu watasema kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kuongeza idadi ya waulizwao. La, halirekebiki hivyo. Kosa la bahati hupungua watu wakiongezeka; kosa lililo ndani ya swali huulizwa tena na tena kwa kila mtu, likazidi kuwa imara.

Shirika la SIL nalo lilitoa mwaka 2007 ripoti ya uchunguzi wa lugha za Kibantu za mkoa huu. Ndani yake orodha za maneno zalinganishwa, kwa mia ngapi lugha moja yafanana na nyingine, na pamoja nazo kuna majibu ya watu kuhusu lugha zao. Sehemu ya kwanza naiamini zaidi kuliko ya pili, ingawa nayo ina upungufu wake, kwa kuwa neno moja lililoazimwa huweza kuzikaribisha lugha mbili zilizo mbali. Kuhusu sehemu ya pili nasema hivi: Mwikizu na Msizaki wakiulizwa kama wanaelewana, jibu lao lategemea kama wanapenda kuandikiwa kitabu kimoja au viwili. Jibu hilo lina thamani, tena kubwa, kwa atakayeamua lugha ipi ipewe alfabeti na vitabu. Lakini ni habari za mapenzi ya watu, nasi tusiliandike katika safu ya maelewano ya lugha.

Neno la pili linalonipa taabu ni kaya. Uchunguzi wote wa jamii nchini hujengwa juu yake: sampuli huteuliwa kwa kaya, mkuu wa kaya huandikwa wa kwanza, wengine hufuata kwa uhusiano wao naye. Kwa maelezo ya kiserikali kaya ni watu waishio pamoja na kula pamoja. Neno lenyewe halikuwa hivyo tangu asili. Kwa Wamijikenda kaya ni ngome ya msituni, mahali patakatifu. Kwa Wasukuma, majirani wa Bunda, ni boma zima la mtu na jamaa zake. Serikali ililichukua neno ikalipunguza hata likawa chungu kimoja. Mtu wa bara kwa upande wake husema "mji wangu" akiwa na maana ya boma lake, na mtu wa pwani akisikia hivyo hufikiri habari za mitaa na maduka.

Maandishi ya maisha ya Mwalimu Nyerere yasema kuwa baba yake, Mtemi Burito wa Butiama, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa na wake 22, na kwamba Mugaya, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. Karani wa leo angeandika kaya ngapi pale? Akifuata chungu ataandika nyingi, nyingi za hizo zikiongozwa na wanawake, nazo zitaonekana maskini kwa kuwa ng'ombe wote wameandikwa kwingine. Akifuata mji ataandika moja, tajiri mno, yenye watu wengi kupita kiasi. Hakuna jibu lililo kosa, ila hesabu za umaskini zitakazotoka katika majibu hayo mawili hazitafanana hata kidogo. Miji ya ukubwa huo imekwisha, lakini mzee mwenye wake wawili au watatu, kila mmoja na nyumba yake na ghala yake, si kitu cha ajabu Mara. Na huko Tarime na Serengeti, kwa Wakurya hasa, kuna ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenziwe apate kuendeleza nyumba. Karatasi ya maswali inayo nafasi ya mke na nafasi ya mume. Karani huamua mwenyewe, jioni, juu ya goti lake, na uamuzi wake hauonekani tena na mtu yeyote.

Nauliza sasa habari ya umri kwa kifupi tu. Otto Bischofberger, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya matabaka ya vizazi ya Wazanaki, aeleza utaratibu ambao kwa huo mtu hupata nafasi yake kwa kufuata tabaka la baba yake, wala si kwa mwaka wa kuzaliwa. Kitabu cha namna hiyo, na kile cha Hugo Huber juu ya ndoa katika Bukwaya kilichotoka mwaka 1973, viliandikwa na watu waliokaa. Haviwezi kutuambia ni wangapi. Vyatuambia ni nini kinachohesabiwa, na bila hilo hesabu haina mwenyewe.

Naja kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya Tanzania wa mwaka 2010 ulikuta kuwa katika mkoa wa Mara wanawake 40 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walisema wamekeketwa. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 32. Kushuka huko kulishangiliwa, na mimi ningependa kushangilia pamoja na wengine. Lakini natazama mambo matatu.

Kwanza ni hesabu yenyewe. Uchunguzi wa pili uliwauliza wanawake 13,266 katika mikoa 30 ya Bara na Visiwani. Kwa wastani ni kama 440 kwa mkoa. Ule wa kwanza uliwauliza 10,139 katika mikoa 26, kama 390 kwa mkoa. Kwa idadi kama hizo, tofauti ya 6 au 7 katika 100 yaweza kuletwa na bahati peke yake, na kwa kuwa wanawake huteuliwa kwa vishada, kijiji kwa kijiji, tofauti hiyo huongezeka. Tofauti ya 8 basi imesimama ukingoni. Isitoshe, wastani wa mkoa haumweleezi mtu yeyote aishiye mkoani. Wajaluo na Wajita hawana jadi ya kuwakeketa wasichana. Wakurya na Wazanaki walikuwa nayo. Vishada viwili vikihama kutoka bara kwenda pwani ya ziwa, mkoa mzima utaonekana umebadili mwenendo.

La pili ni sheria. Tangu mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana yamwadhibu mwenye kumlea msichana wa chini ya miaka 18 akiruhusu akeketwe, na kifungo chake ni miaka 5 hadi 15. Mama akiulizwa habari za binti yake, anaulizwa kama amevunja sheria. Kaskazini mwa Ghana, ambako sheria ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1994, watafiti waliwauliza wanawake wale wale mara mbili, mwaka 1995 na mwaka 2000. Kama 13 katika kila 100 ya waliosema mara ya kwanza kuwa wamekeketwa, mara ya pili walikana. Jambo lenyewe halifutiki mwilini. Kilichobadilika ni jibu. Hatuna haki ya kudhani kuwa mama wa Butiama ni mkweli zaidi mbele ya mgeni kuliko mama wa Ghana, wala kwamba ana sababu chache za kuogopa.

La tatu ni letu kabisa, nalo ni neno. Swali hili laweza kuulizwa kwa neno tohara au kwa neno kukeketa. Tohara ni neno la Kiarabu, na maana yake ni usafi. Kukeketa kwa asili ni kukata kwa kisu kisicho makali. Anayeuliza, "Je, umetahiriwa?" amemwuliza mwanamke kama yu safi, anayeuliza, "Je, umekeketwa?" amemwambia kuwa alichinjwachinjwa na mama yake. Neno la katikati hatuna. Neno la pili lilienea kwa kazi njema ya wapinga desturi hiyo, nami siwaombi waliache majukwaani. Lakini neno la jukwaani likihamia katika karatasi ya maswali, mjibu husikia hukumu kabla ya swali. Kwa hiyo mtu alinganishaye hesabu za miaka miwili tofauti hana budi kwanza kujua kama neno lilikuwa moja. Ripoti zetu huchapwa kwa Kiingereza na maswali huambatishwa kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa kweli mlangoni, ambayo ndiyo ushahidi, ni taabu kuyapata. Na mwanamke mzee wa kijijini ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, je, karani alimtafsiria kwa Kizanaki papo hapo? Kwa neno gani?

Haya si mambo ya ubishi wa wasomi. Katika wilaya ya Butiama kuna nyumba salama, kama ilivyo Mugumu, wanakokimbilia wasichana msimu wa ukeketaji ufikapo. Fedha za vitanda na chakula hufuata hesabu. Ikiandikwa kuwa desturi imeshuka, ilhali kilichoshuka ni kukiri, msichana atakayekimbia mwaka ule atakuta mlango umefungwa.

Wapo waliokwisha kuchoshwa na upungufu huu wakaiacha njia ya maswali kabisa. Marja-Liisa Swantz na wenziwe, katika mradi wa Jipemoyo ulioanza wilaya ya Bagamoyo mwaka 1975, walitaka wanakijiji wawe watafiti pamoja nao, wala wasiwe watu wa kuchunguzwa tu. Utafiti shirikishi ulizaliwa hapa petu, na wageni walijifunza kwetu. Ni aibu kidogo kuwa vijana wetu huusoma katika vitabu vya ng'ambo. Hata hivyo siwezi kukubali kuwa watosha. Mkutano wa kijiji nao una wakubwa wake, na mwanamke asiyeweza kumwambia karani mmoja faraghani hatasema mbele ya wazee ishirini. Waziri atakaye kujua kama apeleke walimu Bunda au Musoma hawezi kungoja miaka 3 ya mazungumzo. Uchunguzi wa Kagera, ulioanza mwaka 1991 na kuwafuata watu wale wale hata mwaka 2004 na 2010 popote walipohamia, ulionyesha kuwa waliotoka kijijini walisonga mbele kupita ndugu zao waliobaki. Jambo hilo lisingaliweza kujulikana kwa kukaa kijiji kimoja na kusikiliza. Hesabu yahitajika. Ninachokataa ni hesabu isiyo na sentensi.

Ningewaomba basi watafiti wa jamii mambo ambayo hayagharimu kitu. Waweke katika kila ripoti maswali yao kwa Kiswahili kile kile kilichotamkwa, pasipo kukisafisha. Penye maneno mawili yenye kubishana, sampuli igawanywe nusu kwa nusu, nusu iulizwe kwa neno hili na nusu kwa lile, na tofauti ya majibu ichapwe. Swali la lugha liwe na nafasi ya lugha zaidi ya moja, na liulize mtu alisema nini na nani jana, liache kuuliza nyumbani husemwa nini. Katika mifano ya karatasi za maswali za uchunguzi wa kimataifa wa afya iliyotolewa miaka ya karibuni, ukurasa wa kwanza una nafasi ya kuandika lugha ya mahojiano, lugha ya asili ya mjibu, na kama mkalimani alitumiwa. Majibu ya nafasi hiyo yakichapwa mkoa kwa mkoa, kando ya kila jedwali, tutaweza kuona ni wanawake wangapi wa Mara waliosema habari za miili yao kwa lugha ambayo mama zao hawakuwafundishia.